Banda la Mzee Timazi

Kikundi cha akina mama kilipotafuta mahali pa kujenga banda la kuku, macho ya wote yaliangukia uwanja wa Mama Cherehani. Ulikuwa mpana, una bomba la maji, una ukuta upande wa barabara, na mwenyewe alikuwa nyumbani kutwa nzima, barazani, akikanyaga cherehani yake.

"Tena wewe ndiye utakuwa mlinzi wetu," mwenyekiti alimwambia, kama vile jambo limeshakwisha.

Shirika moja la ng'ambo ndilo lililotoa gharama za ujenzi, na lilikuwa linaleta watu wake wa kujitolea waje wajenge kwa mikono yao wenyewe. Mama Cherehani alitaka kukataa. Neno lilimfika kwenye ulimi, akalimeza. Angekataa angeulizwa sababu, na sababu ilikuwa mume wake.

Mume wake aliitwa Mzee Timazi na kila mtu aliyewahi kumiliki ukuta mtaani pale. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo fundi huining'iniza kupima kama ukuta umesimama wima, na yeye katika ujana wake alikuwa haachani nayo, hata kwenye harusi ilikuwa mfukoni. Sasa alikuwa anasahau. Alianza kwa kusahau miwani na funguo, mambo ambayo kila mtu husahau. Kisha akasahau njia ya dukani. Kisha siku moja akamuuliza mkewe, kwa adabu kabisa, choo cha nyumba hii kiko upande gani. Mama Cherehani hakumwambia mtu. Walipomuuliza habari za mzee, alijibu, "Uzee tu, miguu haimbebi," akageuza mazungumzo.

Kwa hiyo alikubali. Alijiambia pengine shamrashamra zitamchangamsha.

Wageni walikuja asubuhi moja, wamejipaka mafuta meupe usoni kujikinga na jua. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mrefu asiyevua kofia hata ndani ya nyumba, akina mama wakamwita Kofia. Kijana mmoja uso wake uliiva mwekundu kabla ya saa sita, akaitwa Nyanya, naye akadhani ni jina la heshima akawa analiitikia kwa furaha. Walikuwa na mkalimani, msichana mwepesi wa maneno. Na fundi mkuu wa kazi alikuwa mtu aliyejifunza ujenzi mikononi mwa Mzee Timazi, ambaye mpaka leo, na mvi zake, alimwita "Bosi."

Walipokuwa wanafunga kamba za msingi, Mzee Timazi alitoka ndani. Mama Cherehani aliacha cherehani akasimama. Mzee alikuwa amevaa suruali yake ya kazi, ile yenye viraka vya magoti. Aliipata wapi, mkewe hakujua; yeye mwenyewe alikuwa ameikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku. Alienda moja kwa moja kwenye kona, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akaitazama kamba.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi, Bosi," fundi alisema.

"Umelala vibaya jana?"

Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. Mkalimani alitafsiri, wageni nao wakacheka. Mzee akaisogeza kamba kidogo, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama mtu anayejua kitawekwa kitu, na fundi akauwekea nyundo.

Siku zile za kwanza Mama Cherehani alikuwa hajielewi. Mume wake alirudi. Alimuonyesha Nyanya namna ya kushika mwiko, akamchokoza kwa maneno, "Unapaka ukuta au unapaka siagi?" Alimkaripia fundi kwa kuzidisha mchanga. Saa nne akageukia baraza akaita kwa sauti, "Mke wangu! Chai iko wapi? Hawa watu watafanya kazi na matumbo matupu?"

Mke wangu. Mama Cherehani aliingia jikoni, akajaza birika, akaegemea ukuta akalia kimyakimya, leso mdomoni. Kisha akanawa uso akapeleka chai.

Usiku mzee alilala fofofo. Hakuamka kuzungukazunguka, hakutafuta mlango. Mkewe alimtazama akipumua na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaanza kupanga mambo: watamtembelea binti yao mjini, watapaka nyumba rangi.

Ukuta ulipofika kiunoni, mzee akaanza kuuliza.

"Hii nyumba ya nani?"

"Banda la kuku, Bosi," fundi alimjibu.

"Kuku gani wa kujengewa matofali? Hao kuku wana kazi serikalini?"

Watu walivunjika mbavu. Mama Cherehani naye alicheka. Lakini baada ya chakula aliuliza tena, na jioni tena, na mara hii ya mwisho hakungoja jibu. Alikuwa amesimama katikati ya msingi, anageuka taratibu, anaonyesha kwa mkono.

"Mama atalala upande huu," alisema. "Jua la asubuhi lisimpige machoni. Hapa tutaweka dirisha."

Fundi alimtazama Mama Cherehani. Mama Cherehani akainamia kitambaa chake, akaendelea kukanyaga cherehani ingawa uzi ulikuwa umekatika.

Alijua habari za mama huyo. Mzee alimsimulia walipokuwa wachanga katika ndoa, mara moja tu. Mama yake aliishi katika kijumba cha udongo kilichoinamia upande mmoja, amekiegemeza kwa gogo. Mwanawe alikuwa fundi, anawajengea watu nyumba za maana, na kila alipokwenda kumuona alimwambia, mama vumilia, nikimaliza kazi hii nakuja kukujengea. Kazi haikuisha. Mvua za mwaka mmoja zikamuua kwa homa ya mapafu kitandani kwake, kijumba bado kimeinama.

Mkalimani aliwatafsiria wageni kuhusu dirisha na mama. Kofia aliguswa mno, akaweka mkono kifuani. Nyanya ndiye aliyesema, mbona banda linahitaji hewa hata hivyo, kwa nini tusimwekee mzee dirisha lake? Siku iliyofuata alikuja na fremu ndogo ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe, akaipiga randa mpaka ikawa laini. Mzee alimkumbatia. Kofia akapiga picha.

Mama Cherehani alitaka kuwaambia waache. Alitaka kusema, msimpe dirisha, mkimpa dirisha mmempa nyumba. Lakini angeanzia wapi? Watu wametoka mbali, wanamtendea mume wake wema mbele ya macho yake. Akasema, "Ahsanteni sana," mkalimani akatafsiri.

Banda likakamilika. Bati lilipigiliwa, wavu ukafungwa upande wa mbele, fito za kulalia zikapangwa, viota vya kutagia vikawekwa nyasi, na sakafuni yakamwagwa maranda kutoka kwa seremala. Siku ya kufungua kulikuwa na viti vya kukodi, hotuba, na makofi. Mzee Timazi alivaa shati jeupe akakaa mstari wa mbele. Jina lake lilipotajwa alisimama akainama, na kila mtu alisema mzee bado ana nguvu zake. Wageni waliagana na watu wakapanda gari lao, Nyanya analia waziwazi.

Mitetea ililetwa kesho yake asubuhi, ndani ya matenga, ikapiga kelele mtaa mzima. Akina mama waliiingiza ndani mmoja mmoja huku wakiimba. Mzee alikuwa amelala. Alipoamka akatoka nje, akafika kwenye wavu, akasimama.

"Nani kaingiza kuku kwenye nyumba ya mama?"

Alifungua mlango, akavua kiatu, akaanza kuwafukuza. Kuku walitoka kama maji ya bomba lililopasuka. Wengine waliruka ukuta, wengine wakaingia jikoni, wengine wakakimbilia barabarani ambako mbwa wa jirani hawakuamini bahati yao. Akina mama walikimbizana nao mpaka mchana, khanga zinaanguka, huyu anaita huku, yule anaita kule. Kuku kadhaa hawakuonekana tena.

Waliweka kufuli. Mzee akaukata wavu kwa mwiko. Walishona wavu kwa waya. Akaingia kwa dirisha, lile dogo, akakwama nusu ndani nusu nje, ikabidi fundi aitwe kumtoa, na nyonga yake ikachubuka vibaya.

Siri ya Mama Cherehani ilikuwa imeanikwa juani sasa. Alimpeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, alimuuliza mzee maswali mepesi, leo ni siku gani, hiki kinaitwaje, na mzee akajibu kwa kujiamini, yote kimakosa. Kisha daktari akamgeukia mke.

"Mama, dawa ya kurudisha kilichopotea hatuna. Usibishane naye, utamchosha na wewe utachoka. Mzoee tu."

"Nimzoee vipi, mwanangu? Nimeishi naye maisha yangu yote."

Daktari alichukua kalamu. Aliandika dawa ya kumsaidia usingizi.

Kilichomshinda Mama Cherehani kabisa ni swali la mama. Mzee aliuliza, "Mama anakuja lini?" Mara ya kwanza akamwambia ukweli, kwa upole, amemshika mikono: mama alishafariki, baba, zamani. Mzee aliupokea msiba ule kana kwamba umetokea saa ileile. Alikaa chini uwanjani akalia kwa sauti, kilio cha mtoto, mpaka majirani wakaja kuuliza nani amekufa. Baada ya chakula cha mchana alikuwa amesahau. Jioni akauliza tena, "Mama anakuja lini?" Mama Cherehani akasema amekwenda sokoni. Basi mzee akaenda kukaa mbele ya banda kumngoja, na jua lilipozama hakukubali kuingia ndani. "Akirudi asimkute mtu?"

Ukweli ulimuua, uongo ukamfunga pale nje kama mbuzi. Hapakuwa na neno la tatu.

Fundi alijaribu. Alileta matofali ya zamani akayamwaga kona ya uwanja. "Bosi, kuna kazi hapa." Mzee aliyatazama. "Kazi yangu nimeshamaliza," alisema. "Namngoja mwenye nyumba."

Binti yao alipiga simu kutoka mjini. Alitaka kumchukua baba. Anakaa ghorofani, chumba na sebule, na watoto. "Nitamfungia mlango, mama, hatatoka." Mama Cherehani aliiwaza ghorofa ile, mlango umefungwa, na mzee anazunguka. Alisema ngoja kwanza.

Akina mama wa kikundi nao walikutana, palepale uwanjani, wamekaa kwenye mkeka. Walizungumza kwa staha, na hiyo ilimuumiza zaidi kuliko kama wangempigia kelele.

"Hatukulaumu, dada," mmoja alisema. "Ugonjwa hauna mwenyewe. Lakini kuku wanakwisha, na banda ni la matofali, halibebeki."

"Semeni nifanye nini," Mama Cherehani alisema. "Semeni chochote nitafanya."

Walitazamana. Waliinuka mmoja mmoja wakakung'uta nguo.

Mwenyekiti alibaki nyuma. Alijitanda khanga kichwani, akachukua ndoo, akaingia bandani kuwapa maji kuku waliobaki. Mzee Timazi alikuwa kwenye kigoda chake mbele ya wavu. Aliinua macho. Akasimama polepole, akavua kofia yake.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mwenyekiti alidhani ni mzaha. "Marahaba," aliitikia, akaendelea kumwaga maji.

"Umechelewa sana kurudi."

Hapo akaelewa. Alimtazama Mama Cherehani aliyekuwa amesimama barazani, na macho yake yaliuliza, niseme nini? Mama Cherehani alifungua mdomo. Halikutoka neno, si ndiyo wala hapana. Aliona machozi yanamlengalenga mume wake, na ile furaha iliyokuwa usoni mwake hakuwahi kuiona, hata siku binti yao alipozaliwa.

"Nimerudi, mwanangu," mwenyekiti alisema.

"Nyumba umeipenda?"

"Nimeipenda sana. Haikuinama hata kidogo."

"Lakini kuku, mama. Kuna watu wameleta kuku."

"Kuku ni wangu. Nimewaleta mimi."

Mzee alicheka, akajipiga paji la uso. "Si ungeniambia! Nimewasumbua bure."

Alikaa tena kwenye kigoda, mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Mwenyekiti alitoka bandani. Walipokaa jikoni, yeye na Mama Cherehani, walishikana mikono, wakalia kisha wakacheka.

"Mimi na wewe tulisoma darasa moja," mwenyekiti alisema, anajifuta. "Leo nimekuwa mkweo."

"Basi nikuamkie."

"Koma!"

Kuanzia siku ile hakuna kuku aliyeguswa. Mzee alikuwa analinda banda kuliko mtu yeyote. Mbwa akipita barabarani yeye yuko na fimbo. Mayai yakaanza. Akina mama walipokuja kuokota aliwakaribisha kwa niaba ya mama yake. Binti alisikia habari kwenye simu akashukuru Mungu. Kofia alituma salamu kupitia mkalimani, na picha ya mzee na Nyanya, na ujumbe kwamba huko kwao watu wengi wameipenda. Kila mtu alimwambia Mama Cherehani, "Umeona? Mambo yamekaa sawa."

Naye alijibu, "Yamekaa sawa."

Hakuwaambia mengine. Kwamba mzee, kwa kuwa sasa alikuwa na mama, alikuwa mtoto wa mama yake na hakuwa mume wa mtu. Asubuhi mwenyekiti asipofika alikataa kunywa uji. Mama Cherehani alipomletea maji ya kuoga, alijifunika kwa mikono akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Dada, samahani, toka nje. Mama ataniogesha."

"Ni mimi, baba. Mke wako."

"Sijaoa mimi," alisema, na aliona haya kweli, kama kijana anayetaniwa. "Bado najenga."

Mama Cherehani alimpitishia sabuni kwenye upenyo wa mlango. Alisimama nje akasikiliza maji, akiomba asianguke.

Chakula alichopika alikipeleka bandani kwa mkono wake na kurudi nacho kikiwa kimepoa. Kitandani mzee alilala ukingoni, amejikunyata, kama mgeni aliyepewa kitanda cha mtu. Usiku mwingine alikataa kabisa kuingia chumbani, akalala kwenye mkeka sebuleni. Mama Cherehani alilala mlangoni pake. Alikonda. Nguo za wateja zilirundikana, mikono ikawa inashona mshono uleule kisha inaufumua.

Asubuhi moja mzee hakula tena, na mguu ulikuwa umevimba, na hakukubali auguse. Mama Cherehani alivua aproni, akaenda kwa mwenyekiti, akamkuta anafua.

"Nimekuja kukuomba kitu," alisema. "Usinicheke."

"Sema, shoga."

"Nenda ukamwambie mimi ni nani. Wewe atakusikiliza."

Mwenyekiti aliacha nguo kwenye beseni. Akafuatana naye. Walipofika alijitanda khanga, akakaa kando ya mzee kwenye maranda, kuku wanawazunguka.

"Mwanangu," alisema. "Unamwona huyu mwanamke?"

Mzee alimtazama Mama Cherehani, aliyesimama nje ya wavu na bakuli mkononi.

"Namwona. Hutuletea chakula."

"Huyu ni mkeo. Ni mtu mzuri. Nimemchagua mimi mwenyewe."

Mzee alimwangalia toka kichwani mpaka miguuni, taratibu, jinsi alivyokuwa akiangalia ukuta. Mama Cherehani alihisi uso unamwaka moto, umri wake wote ule, na hakujua aweke wapi mikono. Alitamani kusema kitu, jambo moja lolote ambalo wao wawili tu wanalijua. Yalikuwa mengi mno na hata moja halikumjia.

"Haya," mzee alisema mwishowe. "Kama mama umesema."

Mwenyekiti alitoka kwa haraka, khanga usoni, akaenda zake bila kuaga. Mama Cherehani aliingia akapiga magoti, akauchukua ule mguu akauweka pajani, akaanza kuukanda kwa maji ya vuguvugu. Mzee alimwachia. Alikula uji wote, kijiko kwa kijiko, macho ameyainamisha kwa haya. Alipomaliza alipangusa mdomo.

"Ahsante, dada," alisema. "Unaitwa nani?"

Akamwambia jina lake.

"Jina zuri," alisema, akageuka kuangalia mlango mama yake aliotokea.